Mwenge, Lubisi na Waragi: Historia ya Pombe ya Ndizi kwa Ushahidi wa Maneno

Siku moja tulikuwa tukisoma na wanafunzi wetu wa kidato cha pili habari za Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961. Tulipofika kwenye sentensi isemayo kwamba mwenge ulipandishwa mlimani, darasa zima liliangua kicheko. Tukauliza sababu. Kijana mmoja akasimama kwa heshima, akasema: "Samahani, Mwalimu. Hawa watu walipanda mlima mrefu kiasi hicho na pombe?"

Walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili hapa Uganda hawahitaji kuelezwa asili ya kicheko hicho. Kwa Waganda na majirani zao, *omwenge* si kinga cha moto, ni pombe, na hasa ile pombe ya ndizi inayotengenezwa nyumbani. Tuliwaeleza wanafunzi tofauti ya maneno hayo mawili, nao wakaridhika. Lakini sisi wenyewe hatukuridhika. Tulirudi nyumbani tukifikiri jinsi neno lile lilivyotufungulia mlango, nasi tukaufunga upesi ili tumalize kipindi. Makala haya ni jaribio la kuufungua tena. Tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya pombe ya ndizi katika nchi zizungukazo Maziwa Makuu, tukiyatumia maneno yenyewe kuwa mashahidi wetu.

Yafaa tukiri jambo moja mwanzoni. Habari hizi si za mbali kwetu. Baba yetu alikuwa mtengenezaji wa pombe hiyo katika wilaya ya Mukono, na ada yetu ya shule ya sekondari ililipwa kwa pombe hiyo. Tulipokuwa chuoni tulijifunza kuona haya kwa jambo hilo. Leo twaona haya kwa ile haya.

Tunda na safari yake

Mgomba si mti wa asili ya Afrika. Wataalamu wa mimea wamekubaliana kwamba watu wa kwanza kuulima walikuwa wakazi wa Nyugini na visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba uliletwa Afrika zamani sana, kabla ya maandishi yetu yote. Msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba wenyeji walimkaribisha kwa ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa. Kwa hiyo twajua kwamba katika karne ya 14 ndizi ilikwisha kuwa chakula cha heshima pwani.

Huku bara mgomba ulipata makao mapya. Katika nyanda za juu za Maziwa Makuu wakulima walichagua na kupandikiza machipukizi kizazi baada ya kizazi, hata zikapatikana aina nyingi za ndizi zisizopatikana kwingineko duniani. Wakulima wenyewe walizigawa aina hizo mafungu mawili makubwa. Kwa Kiganda ndizi za kupikwa huitwa *matooke*, na ndizi za pombe huitwa *mbidde*. Mgawanyo huu si wa mazoea tu. Ndizi ya pombe ina ukakasi mwingi. Mtu akiitafuna mbichi ulimi hukauka. Lakini ikivumbikwa ikaiva na kukamuliwa, hutoa maji mengi matamu na safi, ilhali ndizi ya kupikwa huwa ujiuji. Mkulima aliyejua hayo hakuwa na maabara. Alikuwa na ulimi wake na masimulizi ya babu yake.

Ushahidi wa *-bichi*

Maji hayo matamu ambayo hayajachachuka Waganda huyaita *omubisi*. Wahaya wa Bukoba, ng'ambo ya mpaka, huiita pombe yenyewe *lubisi*. Mwalimu wa Kiswahili asipite hapo bila kusimama. Katika Kiganda, *-bisi* ni kivumishi chenye maana ya kitu kisichopikwa au kisichokauka. Katika Kinyarwanda na Kirundi pia *-bisi* ni mbichi. Nacho ni kivumishi kile kile ambacho katika Kiswahili hutamkwa *-bichi*. Basi *omubisi*, kwa asili yake, ni "kitu kibichi": maji ya tunda kama yalivyotoka, kabla ya kazi ya chachu. Hata asali Waganda huiita *omubisi gw'enjuki*, yaani *omubisi* wa nyuki.

Mwanafunzi wa Kiganda anayelalamika kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni, na aonyeshwe neno hili. Atatambua kwamba sehemu ya Kiswahili ilikuwa ndani ya kibuyu cha babu yake siku zote.

Majirani wana majina yao. Rwanda husema *urwagwa*, Burundi *urwarwa*, na katika Kivu, upande wa Kongo, watu husema *kasiksi*. Wachaga wa Kilimanjaro hupika *mbege*, ambayo huchanganya ndizi na kimea cha ulezi, na hutiwa gome chungu la mti uitwao msesewe. Majina ni mengi, lakini hayo ni matawi ya ufundi mmoja.

Kazi yenyewe

Tueleze sasa kazi ilivyofanyika nyumbani kwetu, maana mambo haya yameanza kusahauliwa na vijana.

Kwanza mikungu iliyokomaa hukatwa na kuvumbikwa. Shimo huchimbwa, hupashwa moto, hutandikwa majani ya mgomba, kisha ndizi hupangwa ndani na kufunikwa kwa majani na udongo. Wanyarwanda na Warundi huliita shimo hilo *urwina*. Wengine huivisha ndizi juu ya uchanja, moshi wa jikoni ukipita chini. Baada ya siku tatu hadi tano hufukuliwa. Hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Ndizi ambayo haijaiva haitoi maji, na iliyoiva kupita kiasi huwa rojo. Baba yetu alikuwa akiminya ndizi moja kwa vidole viwili, akaitazama, akaamua. Hatukupata kumwona akikosea.

Pili ndizi humenywa na kutiwa katika chombo kirefu cha mti uliochongwa. Waganda hukiita chombo hicho *eryato*, yaani mtumbwi, na kweli kimefanana na mtumbwi. Wanyarwanda hukiita *umuvure*. Juu ya ndizi huwekwa nyasi, kisha watu huingia na kukanyaga kwa miguu iliyooshwa vizuri. Nyasi huzishika nyama za ndizi, na maji huachana nazo. Kwa sababu hiyo pombe hii hupewa pia jina la *mwenge bigere*, yaani pombe ya nyayo. Kwa desturi ya Buganda ukanyagaji ulikuwa kazi ya wanaume. Sehemu nyingine watu hukamua kwa mikono.

Tatu maji huchujwa kwa nyasi, huongezwa maji ya kawaida kwa kipimo, kisha hurudishwa katika mtumbwi pamoja na mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye joto kwa siku moja hadi tatu. Usiku wa kwanza ukiweka sikio karibu utasikia kama mvua ndogo inanyesha mbali. Wazee walisema pombe "inachemka" bila moto.

Kinachotendeka humo kilielezwa na mwanasayansi Mfaransa, Louis Pasteur, kuanzia mwaka 1857: chachu ni kiumbe hai kidogo sana, nacho hula sukari na kuigeuza kuwa kilevi na hewa. Chachu hiyo inakaa juu ya maganda ya matunda, juu ya nafaka na katika mbao za mtumbwi wenyewe. Ndiyo sababu mtumbwi wa zamani ulithaminiwa kuliko mpya, na baba hakukubali uoshwe kwa sabuni. Hakujua jina la chachu, lakini alijua makao yake.

Pombe iliyokwisha kuwa tayari ilikuwa na sheria zake. Haikuuzwa yote. Sehemu ilikuwa ya jirani aliyesaidia kukanyaga, sehemu ya wazee, na sehemu ya shughuli, kama vile posa, matanga au kumaliza ugomvi. Katika Rwanda na Burundi watu wawili kunywa kwa mirija kutoka chombo kimoja ilikuwa ishara ya kuaminiana. Mwenye nyumba ndiye aliyeonja kwanza, mbele ya wageni, ili kuwaonyesha kwamba hamna sumu. Nasi mwenye kufikiri ataona kwamba desturi hiyo ilikuwa cheti cha ubora, iliyotangulia vyeti vya karatasi.

Misafara, askari na neno jipya

John Hanning Speke alifika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na Buganda mwanzoni mwa mwaka 1862. Katika kitabu chake cha safari anaitaja mara nyingi pombe ya ndizi aliyopewa na wenyeji wake, nalo neno analolitumia ni *pombe*. Si neno la Waganda. Ni neno la wapagazi wake waliosema Kiswahili. Hivyo kabla ya kuwapo kwa ukoloni, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika na kutoa jina lake kwa kinywaji cha watu wengine. Pwani kulikuwa na maneno mengine: *tembo*, la mgema na mnazi, *mvinyo*, lililotoka katika *vinho* ya Wareno, na baadaye *divai*, linalodhaniwa kutoka katika Kifaransa. Kila mgeni alikuja na chupa yake, na Kiswahili kikampokea na kumpa ngeli.

Lakini mpaka hapo pombe ya bara ilikuwa ya kuchachuka tu. Kuikeneka, yaani kuichemsha na kuukusanya mvuke wake uwe kioevu kikali, ni elimu iliyokuja baadaye. Mwaka 1891 Lugard aliwaleta katika ngome zake askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki karibu na Ziwa Albert tangu utawala wa Emin Pasha. Wazao wao ndio Wanubi wa Uganda. Hao ndio wanaotajwa kwa kawaida kuwa waliieneza elimu ya kukeneka.

Hapa tunakutana na neno *waragi*. Watu wengi husimulia kwamba limetoka katika maneno mawili ya Kiingereza, lenye maana ya "jini ya vita", eti Waingereza waliwanunulia askari wao kinywaji hicho. Ni hadithi tamu, lakini haikubaliani na ushahidi. Kwa Kiarabu *araq* ni jasho, na kwa mfano wa matone ya jasho kinywaji cha kukeneka kikaitwa hivyo katika nchi nyingi. Waarabu wa Sudani huitamka herufi *kafu* kama *g*. Kwao kinywaji hicho ni *aragi*. Kutoka *aragi* hadi *waragi* ni hatua moja. Neno limekuja na watu walioileta kazi yenyewe, jambo ambalo ndilo la kawaida katika historia ya maneno.

Waswahili wa Tanzania nao, bila kuazima, waliona mvuke wakaiita *pombe ya moshi*, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 iliyohusu kuikeneka ilikitaja kinywaji hicho kwa jina hilo hilo la *moshi*.

Twaomba msomaji azingatie kwamba Kiswahili na waragi vilifika Uganda kwa njia moja: njia ya misafara na kambi za askari. Vyote viwili vililaumiwa kwa ajili ya hao waliovileta. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya serikali ya kijeshi, na kwa miaka mingi baadaye watu walikihukumu kwa kukumbuka bunduki. Ilipitishwa miaka mingi kabla Katiba haijakitaja, mwaka 2005, kuwa lugha rasmi ya pili. Hukumu ya kukilaumu kitu kwa sababu ya aliyekibeba ni hukumu ya haraka, na ndiyo iliyoiangukia pombe ya ndizi pia.

Chupa na sheria

Wakoloni walikuwa na mashaka mawili: mwenyeji asinywe vinywaji vikali vya Ulaya, na asitengeneze vyake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baada yake ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, iliwekea mipaka biashara ya vinywaji vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Wakati huo huo viwanda vya bia vilianza kujengwa. Nairobi kilianza mwaka 1922, na bia yake iliitwa kwa jina la ndovu aliyemwua mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1923. Bila shaka wateja wa Kiswahili walitabasamu, maana kwao *tembo* tayari lilikuwa na maana mbili. Uganda ilipata kiwanda Port Bell mwaka 1946 na kingine Jinja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bujumbura kilifuata mwaka 1955, na Gisenyi mwaka 1957.

Baada ya Uhuru, katikati ya miaka ya 1960, Uganda ilitunga Sheria ya Enguli. *Enguli* ni jina la waragi ya kijijini. Sheria iliagiza kwamba asiye na leseni asikeneke, na kwamba enguli iuzwe kiwandani, ikasafishwe na kutiwa chupani. Kwa njia hiyo jina la askari wa Kisudani likawa alama ya biashara ya taifa. Wakenekaji wengi wa vijijini hawakupata leseni, wala hawakuacha. Walihamia gizani.

Na giza ndilo lililoleta msiba. Mwezi Aprili, 2010, watu wapatao 80 walikufa katika sehemu za Kabale na jirani zake baada ya kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Miaka kumi kabla yake, mwezi Novemba, 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Methanoli hupofusha macho na kuua. Yapasa tuseme wazi: tunda likichachuka lenyewe hutoa methanoli kidogo mno. Kinachoua ni spiriti ya viwandani inayomiminwa na mfanyabiashara ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakuishi kuona siku ambapo mgema angetia sumu.

Baada ya misiba kama hiyo ni rahisi kuifunga mitumbwi yote katika kapu moja na mapipa ya sumu. Lakini aliyekanyaga ndizi mbele ya jirani zake, akaonja kwanza, si ndugu wa yule aliyechanganya spiriti usiku. Tukifundisha vijana kwamba hao wawili ni mmoja, tutakuwa tumewadanganya, nao watajua.

Mnyauko

Pigo la mwisho halikutoka kwa serikali wala kwa wafanyabiashara. Mwaka 2001, katika wilaya yetu ya Mukono, migomba ilianza kunyauka. Majani yaligeuka manjano, ndizi ziliiva kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, na shina likikatwa lilitoa utomvu wa rangi ya malai. Ulikuwa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ambao hapo awali ulijulikana Ethiopia. Katika miaka michache ulienea Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na hatimaye Burundi.

Ndizi iliyoumia kwanza na kupita zote ilikuwa kayinja, ndizi ya pombe ya wanyonge. Ua lake la nchani huacha makovu yenye utomvu mtamu, nyuki na wadudu wengine hulizuru, na miguu yao huhamisha maradhi. Dawa iliyopatikana ni nyepesi: kulikata ua hilo kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapokamilika, kuung'oa mgomba mgonjwa, na kulisafisha panga kwa moto au dawa. Lakini kayinja ilikuwa ndizi isiyotunzwa. Iliota kando ya shamba bila kuangaliwa, na wengi hawakuona sababu ya kuihangaikia mpaka ilipokwisha.

Tuliporudi likizo kutoka chuoni tulimkuta baba amesimama katika shamba lililoanguka. Hakusema mengi. Mtumbwi ulikuwa umeegemezwa ukutani, mkavu, umeanza kupasuka. Mwaka uliofuata mbuzi walikuwa wakinywea maji humo.

Kazi iliyobaki

Baada ya kipindi kile cha kicheko tuliwapa wanafunzi wetu zoezi. Tuliwaagiza wawaulize wazee wao majina ya vyombo, nyasi, ndizi na hatua za kazi hii, kila mmoja kwa lugha ya kwao, kisha watafute visawe vya Kiswahili. Robo tatu yao walirudi mikono mitupu. Nyumbani kwao hapakuwa tena na wa kuulizwa. Waliobaki walileta maneno 31. Katika hayo tulipata visawe vya Kiswahili kwa urahisi: *kuvumbika*, *ukakasi*, *kuchachuka*, *mtama*, *mrija*. Mengine, kama vile jina la mtumbwi wa kukanyagia, hatukupata kisawe kimoja kilichotutosheleza. Tuliandika "mtumbwi wa ndizi", tukaliacha neno la wenyeji kando yake.

Hatuwahimizi walimu wenzetu wafundishe ulevi. Tumeona nyumba zilizovunjwa na pombe, nasi ni walimu. Twajua ni mtoto yupi anayekuja shuleni na njaa kwa sababu ya kibuyu cha baba yake. Tunachosema ni kwamba ufundi ulio na maneno yake, sheria zake na heshima yake ni sehemu ya historia, na historia hiyo haikuandikwa. Imekaa katika vinywa vya wazee ambao wanapungua kila mwaka. Kiswahili, ambacho mwezi Julai, 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, hakitapendwa kwa agizo. Kitapendwa kijana atakapoona kwamba kina nafasi ya kuyapokea mambo ya kwao.

Baba yetu bado yu hai. Likizo iliyopita tulimpelekea orodha ile ya maneno 31 tukamsomea. Alitusahihisha mahali pawili, akaongeza maneno manne, kisha akatuuliza neno la Kiswahili la ile sauti ya usiku wa kwanza, pombe inapoanza kujitengeneza chini ya majani. Tulifikiri sana. Tuliahidi kumletea jibu, na mpaka leo tunalitafuta. Mwalimu mwenzetu anayelijua, na atuandikie.